Namba Tano Iliyozaliwa Namba Nne

Bunduki ililetwa dukani Jumanne asubuhi ikiwa imefungwa kwa blanketi la kijivu. Aliyeibeba alikuwa askari polisi, na nyuma yake walikuja watoto wawili wa marehemu mwenye cheti cha kuimiliki: dada mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi huko Kasarani, na mdogo wake wa kiume mwenye kibanda cha mbao Gikomba. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimwachii mtu bunduki ambayo cheti chake ni cha mwingine, hata huyo mwingine akiwa mzazi wake, kwa hiyo tangu wiki ya mazishi ilikuwa imelala kituoni. Sasa mnunuzi alikuwa amepatikana, mkusanyaji mwenye vibali vyake, na bei aliyotaja ilikuwa nzuri. Aliweka sharti moja tu: fundi aichunguze kwanza, aandike kama kweli ni kile kilichotajwa kwenye cheti.

Cheti kilisema: Lee-Enfield No. 5 Mk I, .303.

Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, kwanza katika ghala la silaha jeshini, kisha hapa katikati ya mji kwenye duka lenye leseni. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu watu wanaonitumia picha za bunduki za wazee wao huuliza swali lile lile, hii ni namba gani, na karibu wote hupiga picha mahali pasipo na jibu. Hupiga picha mdomo wa mtutu. Kwenye bunduki hii mdomo ndio uliokuwa na uongo mkubwa kuliko sehemu zote.

Mwalimu aliketi, akaweka mkoba wake magotini. "Mzee," akasema, "hii ni bunduki ya babu. Alirudi nayo kutoka Burma."

Sikumjibu hapo hapo. Nilifungua blanketi.

Kwa nini namba ina uzito

Wakenya wengi wameiona Lee-Enfield hata kama hawajui jina hilo. Ndiyo ile ndefu ya mbao inayoitwa Mark Four, iliyobebwa miaka na miaka na polisi wa utawala na polisi wa akiba kule Turkana, Pokot na Samburu. Jina lake kamili ni No. 4, na "Mark" ni hatua ya toleo ndani ya namba hiyo. Kabla yake ilikuwapo No. 1, ambayo toleo lake la Mk III lilianza 1907 na ndilo lililopigana Vita vya Kwanza, hapa Afrika Mashariki pia. Baada yake ikaja No. 5.

No. 5 ni Mark Four iliyokondeshwa. Vita vya msituni Asia viliwafundisha Waingereza kwamba bunduki ya zaidi ya sentimita 112 hunasa kwenye kila mzabibu wa mwitu, wakaamua kuipunguza urefu na uzito. Ilitengenezwa kati ya 1944 na 1947, katika viwanda viwili tu: kiwanda cha serikali cha Fazakerley, Liverpool, na kile cha kampuni ya BSA cha Shirley, karibu na Birmingham. Zilitoka takriban robo milioni. Jeshi likalalamika kwamba haishiki shabaha, leo inapiga hapa na kesho pale, na uzalishaji ukasimamishwa. Kwa kulinganisha, kampuni ya Savage peke yake kule Marekani ilitoa No. 4 zaidi ya milioni moja.

Haba hupanda bei, na bei ikipanda kuna mtu atachukua msumeno. Baada ya vita wafanyabiashara wa Marekani walinunua No. 1 na No. 4 zilizochakaa, wakazikata, wakazivisha mdomoni faneli ya kuficha mwako wa risasi, kama ile ya No. 5, na kuziuza kwa jina la "Jungle Carbine", yaani karabini ya msituni. Jina hilo halikuwa la kijeshi hata siku moja. Waingereza waliandika "No. 5 Mk I", basi. Mtu akikuletea karatasi yenye jina la msituni peke yake bila namba, kaa macho.

Mezani

Niliianza kwa mizani kabla ya kuangalia chapa yoyote. Ni mazoea yangu, na naona ni mazoea mazuri, kwa sababu chapa ikishakuingia kichwani utaanza kuitafutia ushahidi. No. 5 halisi ikiwa tupu ina uzito wa kama kilo 3.2. No. 4 kamili ni kama kilo 4.1. Hii ilisoma kilo 3.7.

Katikati. Hicho tayari kilikuwa kitu cha kufikiria. Ukikata mtutu wa Mark Four na kufupisha mbao za mbele, utapunguza kama nusu kilo, kisha utakwama. Kilo iliyopotea kwenye No. 5 haikutoka kwenye urefu peke yake. Kiwandani walikwangua chuma mahali pengi: shingo ya mtutu, pale penye unene unapoingia kwenye kasha la bolti (bolti ni kile chuma kinachoteleza kufunga risasi ndani), ilichongwa mabonde ubavuni; ukuta wa kasha lenyewe ukakondeshwa; hata kirungu cha mkono wa bolti kikatobolewa ndani ili kiwe na shimo. Hiyo ndiyo sababu ya kushauri watu waache faneli waangalie shingo. Faneli inaweza kuongezwa na fundi yeyote mwenye karakana Kirinyaga Road. Mabonde ya shingoni yanahitaji mtu avue mtutu, aufunge kwenye mashine ya kuchonga, atoe chuma kwa kipimo, asidhoofishe mahali panapobeba mlipuko wote wa risasi. Hakuna anayejisumbua hivyo kwa ajili ya kudanganya.

Urefu ulikuwa karibu kabisa na mita moja inayotakiwa. Hilo sikulipa uzito. Urefu ni kazi ya msumeno.

Nilitoa ubao wa juu unaofunika mtutu, nikawasha tochi. Shingo ilikuwa nene, imejaa, haina bonde hata moja. Kirungu cha bolti kilikuwa kigumu, hakina shimo.

Mdogo mtu alikuwa ameinama juu ya bega langu. Yeye ni mtu wa mbao, anajua kitu kilichochongwa na kitu kisichochongwa, na nilipomwonyesha picha ya No. 5 halisi niliyopiga miaka iliyopita kwenye bunduki nyingine, alinyamaza, akatazama shingo, akatazama picha tena. "Hii haijaguswa," akasema. Hakuhitaji tafsiri yangu.

Pengo kwenye reli

Hadi hapo nilijua kwamba haikuwa No. 5. Lakini ripoti inayosema tu "siyo" haimsaidii mtu. Mnunuzi anataka kujua ni nini, na ofisi ya leseni vilevile.

Bolti ya Lee-Enfield huteleza kwenye reli upande wa kulia, na haiwezi kutoka mpaka kichwa chake kiinuliwe kiachane na reli hiyo. Swali ni kinainuliwa wapi. Kwenye No. 4 Mk I kuna kitufe chenye springi upande wa nyuma wa kasha. Unakibonyeza, unavuta bolti hadi mwisho, unainua kichwa. Kitufe hicho kina vipande vidogo kadhaa, na kila kipande ni saa za mashine na mikono ya watu wakati wa vita. Viwanda vya Amerika Kaskazini vikakifuta. Badala yake wakakata pengo dogo kwenye reli yenyewe, upande wa mbele. Ukifika hapo kichwa kinainuka. Rahisi na haraka kutengeneza, ingawa kuna kasoro: chuma kilicho mbele ya pengo ni kidogo na huvunjika kipande. Toleo hilo lilipewa nyota: Mk I*. Nyota ndogo tu, lakini kwa anayesoma bunduki ni kama kabila la mtu kusikika katika matamshi yake.

Mk I yenye nyota ilitengenezwa mahali pawili: Long Branch, pembezoni mwa Toronto, Kanada, na Savage, Chicopee Falls katika jimbo la Massachusetts. Hakuna kiwanda cha Uingereza kilichoitengeneza. Na No. 5 zote zilitoka Uingereza, zote zina kitufe. Kwa hiyo No. 5 yenye pengo kwenye reli haiwezekani kuwapo, kama vile haiwezekani mtu kuzaliwa Mombasa na Kisumu siku moja.

Nilivuta bolti taratibu. Ilifika mbele, ikaingia kwenye pengo, kichwa kikainuka.

Ningeweza kuacha hapo. Pengo peke yake linatosha mahakamani. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichonikera, na ni haki nikiseme kwa sababu wasomaji wenye bunduki kama hii watakutana nacho. Kilengeo cha nyuma kilikuwa cha kweli. Vile vya No. 4 vilivyotengenezwa kwa uangalifu hupimwa kutoka yadi 200 hadi 1300, cha No. 5 huishia yadi 800, kwa kuwa mtutu mfupi hauna haja ya mbali zaidi. Hiki kilikuwa kimeandikwa hadi 800, chapa safi, rangi ya chuma ya zamani ikilingana na mikwaruzo yake. Si bandia. Kwa dakika kadhaa nilikaa nacho mkononi nikijiuliza kama nimekosea, kama kuna kasha lililobadilishwa au karabati ya jeshi nisiyoijua.

Jibu lilikuwa kwenye pini. Kilengeo cha No. 4 na cha No. 5 hukaa mahali pale pale na hushikwa na pini ile ile. Chochote kinachotoka kwa pini huhama. Miaka themanini bunduki zimebadilishana viungo kama watoto wanavyobadilishana sweta shuleni, na kipande halisi kwenye mwili usio wake kitabaki halisi huku mwili ukibaki ulivyo. Tangu siku hiyo nimepanga sehemu za Lee-Enfield kichwani mwangu kwa namna moja tu: zinazotoka kwa pini au skrubu upande huu, zisizotoka bila kuharibu bunduki upande ule. Kilengeo, faneli, kitako, magazini, hata bolti: upande wa kwanza. Kasha, reli yake, shingo ya mtutu: upande wa pili. Jina la bunduki linatoka upande wa pili.

Chapa zilizosuguliwa

Ukuta wa kushoto wa kasha ndipo viwanda vingi vilipoandika jina. Hapa palikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa kalamu ya umeme: "No 5 Mk 1", na chini yake mwaka 1943. Kalamu ya umeme si kosa lenyewe, Fazakerley waliitumia sana, na No. 5 zao nilizowahi kushika zimeandikwa kwa mkono namna hiyo hiyo, zenye "ROF (F)" na mwezi na mwaka. Kosa lilikuwa mwaka. 1943 hakuna No. 5 iliyokuwa imetoka kiwandani. Pia kiwanda hakikutajwa, na tarakimu 1 ilikuwa ya kawaida badala ya I ya Kirumi iliyokuwa kwenye zile nyingine.

Nilizima taa ya dari nikalaza tochi ubavuni ili mwanga upite sambamba na chuma. Chini ya maandishi hayo chuma kilikuwa na bonde jepesi sana, kama mahali palipopigwa tupa na kusuguliwa kwa msasa, na ndani ya bonde vivuli vya herufi vilibaki. Kwa kioo cha kukuzia nilisoma PERTY. Mwalimu akasoma pia, herufi moja moja, kwa sauti ya darasani.

U.S. PROPERTY. Mali ya Marekani. Savage walipiga chapa hiyo kwa sababu bunduki hizo zilikwenda Uingereza chini ya sheria ya Marekani ya 1941 ya kuazima na kukodisha silaha, iliyoruhusu nchi isiyo vitani kumsaidia aliye vitani bila kuuza. Kwa karatasi zilibaki mali ya Marekani, ingawa askari wa Marekani hawakupewa. Anayetaka kuuza No. 5 ya Kiingereza lazima afute maneno hayo kwanza, na hapa mtu alijaribu.

Namba ya bunduki yenyewe hakuifuta, labda kwa kuwa ilikuwa kwenye cheti. Ilikuwa na herufi C katikati ya tarakimu. Savage hutumia C, Long Branch hutumia L. Kwenye vipande vidogo vitatu nilikuta S yenye umbo la mraba, chapa ya Savage. Nikatazama ndani ya mtutu: mifereji ya kuzungusha risasi ilikuwa miwili tu badala ya mitano, njia ya mkato ya wakati wa vita ambayo viwanda vya Amerika Kaskazini waliitumia kwa wingi. Mifereji haithibitishi kitu yenyewe, lakini iliungana na mengine.

Faneli nitaipita haraka, maana haistahili zaidi. Halisi hushikwa kwa pini zinazopita chini ya mtutu. Hii ilishikwa na skrubu moja. Mpira wa kitako ulikuwa laini kama soli mpya ya kiatu; mpira wa 1945 ambao ungali mahali pake leo umekuwa mgumu kama jiwe.

Jambo moja halihusiani na bei lakini nililiandika juu kabisa ya ripoti kwa wino mwekundu. Namba iliyokuwa kwenye mkono wa bolti haikulingana na namba ya kasha. Kila kichwa cha bolti cha No. 4 kina tarakimu, 0 hadi 3, na tarakimu hiyo ni urefu: fundi alichagua urefu unaoziba pengo kati ya bolti na risasi kwenye bunduki hiyo hasa. Bolti ikihama, kipimo hakihami nayo. Kipimo cha mwisho kinachokubalika kwa .303 ni inchi 0.074, ukiweka geji hiyo bolti haipaswi kufungika. Ilifungika bila hata kusukumwa. Marehemu angeipiga risasi, kitako cha ganda kingeweza kupasuka karibu na jicho lake. Nilifunga utepe kwenye bolti na kuiweka mbali na bunduki.

Ilivyofika hapa

Chini ya ubao, juu ya shingo ya mtutu, kulikuwa na chapa nyingine ambayo hakuna aliyeifuta kwa kuwa haionekani bunduki ikiwa imevaa: NITRO PROVED, na shinikizo la tani 18.5. Hiyo si chapa ya jeshi. Ni ya majaribio ya kiraia ya Uingereza, inayopigwa bunduki ya kivita inapouzwa kwa raia. Kwa hiyo njia yake inasomeka: Massachusetts, Uingereza, kisha kwa raia, kisha Kenya.

Mwalimu alikuwa na faili la plastiki. Ndani yake, chini ya hati za shamba na kadi za kliniki za watoto, kulikuwa na cheti cha kwanza cha baba yake, cha 1965. Aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anauza shamba lake Laikipia na kuondoka. Cheti hicho kilisema tu: bunduki ya Lee-Enfield .303, mtutu mfupi. Hakina No. 5. Maneno "No. 5" yanaonekana kwa mara ya kwanza kwenye kitabu kipya cha cheti cha miaka ya sabini, na kila karani aliyefuata alinakili alichokikuta.

Hapa nitasema ninavyoamini. Sidhani mtutu ulikatwa ili kumdanganya mtu. Wakulima wengi wa miaka ya hamsini walikata bunduki za ziada za vita ili zikae vizuri ndani ya Land Rover, na bunduki fupi ya .303 ilikuwa chombo cha shamba. Kazi ile ya kwanza ni safi, mdomo umelainishwa kwa subira. Faneli, kilengeo na kalamu ya umeme ni mkono mwingine, wa haraka zaidi. Ni lini na ni nani, bunduki haisemi. Baba yao hakuwa na sababu ya kujua tofauti. Uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya 1977, aliiweka kwenye sanduku la chuma na, kwa maneno ya mwanawe, alikuwa akiitoa mara moja kwa mwaka kuipaka mafuta.

Lazima niongeze kwamba No. 5 za kweli zilikuwapo nchini wakati wa hali ya hatari, 1952 hadi 1960, mikononi mwa wanajeshi wa Kiingereza. Wapo wazee wa Nyeri na Murang'a wanaoitambua kwa faneli ile mpaka leo, na hawaiiti kitu cha kukusanya. Ukiuza bunduki kwa jina hilo unauza na historia hiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutaka jina liwe sahihi.

Babu

Ilibaki Burma.

Mwalimu alisubiri hadi askari polisi alipotoka kunywa chai. "Kwa hiyo babu alidanganya?"

Nilimuuliza aliyesimulia ni nani. Akafikiri. Babu alisema alikwenda Burma. Baba alisema hii ni bunduki kama ya babu. Ni wao, watoto, walioziunganisha hadithi mbili zikawa moja. Mdogo wake alikubali kwa kutikisa kichwa, pole pole, kama mtu anayekumbuka sauti.

Nilimweleza ninachokijua. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la wakoloni, waliokwenda Asia hawakurudi na bunduki. Silaha ziliandikwa kwa namba, zilitolewa na zilirudishwa, na Mwafrika aliyevuliwa sare katika Kenya ya 1946 asingepewa cheti cha .303 akae nayo kijijini. Lakini Burma ilikuwa kweli. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikwenda Ceylon 1943, mwaka uliofuata ikapigana kuteremka bonde la Kabaw katika mvua na malaria, na Desemba 1944 ikavuka mto Chindwin. Mji huu una soko kwenye Jogoo Road linaloitwa Burma, na wanaokula nyama pale si wote wanaojiuliza jina lilitoka wapi.

Ndipo alipotoa picha. Ilikuwa ndani ya bahasha, mwisho kabisa wa faili: kijana wa miaka ishirini hivi, kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, mbele ya pazia la studio lenye nguzo zilizochorwa. Nyuma, kwa penseli: Nairobi, 1943. Mkononi ameshika bunduki, kitako chini, mdomo karibu na kifua.

Niliichukua hadi dirishani. Kwenye No. 4 mtutu hutokeza mbele ya mbao, kama kidole. Kwenye hii hautokezi. Mbao zinafika mwisho kabisa na kuishia kwenye kofia butu ya chuma, pana, yenye masikio mawili yanayolinda kilengeo cha mbele. Chini ya kofia kuna kitufe cha kushikia singe, ile singe ndefu kama panga fupi. Hakuna bunduki nyingine ya familia hii yenye pua ya namna hiyo.

"Hii ni No. 1," nikamwambia. "Mark III, au Mark III yenye nyota. Ningeona upande wa kulia, pale juu ya magazini, ningekuambia ni ipi: ile ya kwanza ilikuwa na kibati cha kuzuia risasi za magazini, na 1916 toleo lenye nyota likakiondoa. Kwenye picha mkono wake umefunika."

"Mkono wa babu," akasema.

"Ndiyo, mama. Mkono wa babu."

Aliomba kalamu. Chini ya maandishi ya penseli akaandika, kwa mwandiko wa ubaoni: Lee-Enfield No. 1. Akasita, akaniuliza kama aandike Mark. Nikamwambia aandike "Mk III" kisha aache nafasi.

Ripoti niliyotia saini ina ukurasa mmoja na nusu. Bunduki ya Lee-Enfield No. 4 Mk I*, Savage, mtutu uliofupishwa kwa matumizi ya kiraia, imevishwa baadhi ya viungo vya No. 5; maandishi ya ukuta wa kushoto si ya kiwandani; isifyatuliwe mpaka bolti ibadilishwe na kupimwa. Mnunuzi aliisoma kwenye simu jioni hiyo. Bei ilishuka chini ya nusu, naye akaichukua hata hivyo, kwa sababu ya kilengeo cha yadi 800 na kwa sababu, alisema, sasa anajua anachonunua. Nakala moja ilikwenda ofisi ya leseni ili cheti kipya kiandikwe No. 4. Mdogo mtu alikunja blanketi la kijivu, akalichukua, akasema ni la nyumbani.